Dereva mfupi, lori refu: kiti kinavyokula faida ya safari

Mnunuzi wa lori la mtumba kutoka Ulaya huangalia injini kwanza, kisha matairi, kisha giaboksi. Kiti hakiulizwi. Hukikalia dakika tano, akapiga honi, akashuka kujadili bei.

Kiti hicho kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Malori ya DAF huundwa Eindhoven, Uholanzi, na Scania ina kiwanda kikubwa Zwolle katika nchi hiyo hiyo. Huko wastani wa urefu wa mwanamume unapita sentimita 180. Wahandisi wa viwanda hivyo huwafikiria watu wafupi pia, na ndiyo maana kiti kina vishikio vya kukipandisha, kukisogeza na kukilaza. Lakini lori linapofika Mombasa au Dar es Salaam limeshatembea miaka mingi. Kishikio kimoja kimeganda, kingine kimevunjika, na sponji imeshuka hadi inabaki kama chapati. Ndipo linakabidhiwa mtu wa futi tano na inchi mbili alipeleke Kigali, safari ya karibu kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam.

Anachofanya kinajulikana kwa yeyote aliyewahi kupanda pembeni yake. Anavuta kiti mbele hadi mwisho wa reli, anakaa ukingoni, mgongo hauegemei popote, kidevu kimeinuliwa ili macho yavuke usukani. Klachi anaikanyaga kwa ncha ya kiatu. Akifika Singida kiuno kinawaka, na mlima Sekenke bado uko mbele yake.

Kwa mfanyabiashara mwenye mzigo, habari hii si ya huruma tu. Klachi isiyokanyagwa hadi chini huacha gia ziingie kwa kulazimishwa, na sahani yake huisha kabla ya wakati. Dereva anayeumwa mgongo husimama mara nyingi zaidi, au husimama mara chache na kusinzia. Nyanya za kwenda Nairobi haziwezi kusubiri aliyelala kando ya barabara akinyoosha miguu. Na siku hizi dereva huyo mara nyingi ni mwenye mali mwenyewe: mama aliyenunua Canter au Hiace baada ya miaka ya kuchangishana katika kikundi, anayepita Busia, Namanga au Mutukula akiwa ndiye dereva, mhasibu na mpakiaji. Wanawake wengi wa ukanda huu wana urefu wa kati ya sentimita 150 na 160. Hakuna gari la mizigo sokoni lililoundwa likianza na kipimo hicho.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mahitaji mawili ya dereva mfupi yanavutana. Akijipandisha ili aone barabara, miguu inabaki inaning'inia na kanyagio zinakuwa mbali. Akijisogeza mbele ili afikie kanyagio, usukani unamgusa kifua na magoti yanagonga dashibodi. Anayetatua moja tu ameliongeza la pili. Ndiyo sababu mto uliokunjwa, au kitenge kilichokunjwa mara nne, ambacho ndicho dawa ya kwanza ya kila mtu, hakimalizi tatizo. Kwanza nguo zilizoshindiliwa hushuka baada ya saa mbili. Pili mto huteleza, na dereva akikanyaga breki ya ghafla, yeye na mto wanaondoka pamoja.

Wanaoielewa kazi hii huanza na miguu, si macho.

Miguu kwanza

Kipimo ni rahisi, na hufanywa gari likiwa limezimwa. Dereva anasukuma makalio hadi yaguse egemeo, kisha anakanyaga klachi hadi mwisho wake. Goti lake linapaswa kubaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, au nyonga ikiinuka upande mmoja ili mguu ufike, kiti kiko mbali. Halafu anaikanyaga breki kwa nguvu zote, kama anavyofanya mbuzi anapokatiza barabara. Makalio yakiinuka kutoka kwenye kiti, breki hiyo hana.

Kama kiti kimefika mwisho wa reli na mguu bado haufiki, hapo ndipo mafundi wa kando ya barabara hutoa suluhisho la hatari kuliko yote: kipande cha ubao kinachofungwa juu ya kanyagio kwa mpira wa tairi. Ubao huo huzunguka, hulegea kwa mvua na matope ya viatu, na siku ukianguka unaweza kuingia chini ya kanyagio ya breki ukaizuia isishuke. Hakuna maelewano ya kufanya juu ya jambo hili. Nyongeza ya kanyagio inayostahili kuitwa hivyo ni ya chuma, ina uso wenye mikwaruzo au mpira wa kushika kiatu, na imefungwa kwa bolti zinazopenya kanyagio lenyewe na kukazwa kwa nati za kujifunga. Katwe, Kampala, kuna mafundi wa vyuma wanaoweza kuikata na kuitoboa vizuri, na vivyo hivyo Gerezani, Dar es Salaam. La kusimamia ni kwamba breki na mafuta zibaki na tofauti ya kimo iliyokuwapo tangu mwanzo. Ukirefusha breki peke yake, mguu unaotoka kwenye mafuta unaigonga kwa ubavu badala ya kupanda juu yake.

Kabla ya kufika huko, kiatu nacho kitazamwe. Soli ngumu, bapa, ya unene wa sentimita mbili hivi, inampa dereva mfupi sentimita mbili za bure. Kandambili hazimpi kitu ila ajali, na kisigino kirefu kinamnyang'anya sehemu ya kutulizia mguu.

Lori lenye giaboksi inayojibadili yenyewe huondoa nusu ya shida hii, kwa kuwa mguu wa kushoto unapumzika. Mfanyabiashara anayechagua kati ya malori mawili ya bei karibu sawa, na anajua dereva wake ni mfupi, anayo hapa sababu nzuri kuliko rangi.

Paja na mgongo

Sehemu ya pili haizungumzwi sana, ingawa ndiyo huleta ganzi na miguu kuvimba. Kiti cha mtu mrefu kina kikalio kirefu. Mwenye paja fupi akikaa vizuri hadi nyuma, ukingo wa mbele wa kiti unambana nyuma ya goti na kuzuia damu, kwa hiyo bila kufikiri anasogea mbele na kuuacha mgongo wake hewani. Nafasi inayotakiwa kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ni vidole viwili au vitatu. Viti vya malori mengi ya kisasa vina kishikio cha kurudisha kikalio nyuma, mara nyingi kimejificha chini upande wa mbele, kimejaa vumbi, na dereva ameendesha miaka mitatu bila kujua kipo.

Kama hakipo, kinachofaa ni mto mgumu wa mgongo, ulioshonwa na kufungwa kwa mikanda kwenye egemeo, usioteleza. Unene wa sentimita tano unatosha kwa wengi. Sponji iwe ile nzito inayotumika kwenye makochi, si ile ya magodoro ya bei nafuu. Fundi wa makochi wa mtaani anaweza kazi hii kuliko fundi wa magari, na anatoza kidogo.

Lakini mto wa mgongo humsogeza mtu mbele, na mbele kuna usukani. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa, yaani eabegi, kifua kinapaswa kuwa angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, kwa sababu mfuko huo hufumka kwa kishindo kinachoweza kumuumiza aliyeukaribia mno. Shibiri moja na nusu ya mkono mdogo inakaribia hapo. Dereva asiyepata nafasi hiyo aulaze usukani na kuusukuma kuelekea dashibodi. Kwenye malori mengi ya Ulaya usukani huachiwa kwa kitufe kinachotumia upepo, na bila upepo kwenye tangi hausogei, jambo linalowafanya wengi waamini kuwa umeharibika.

Macho na lami

Sasa ndipo kimo kinapokuja. Kwa kipimo cha kawaida, macho yanapaswa kuwa juu ya ukingo wa usukani kwa upana wa kiganja, sentimita nane hivi. Faida yake inaonekana kwa hesabu ndogo ya mfano. Macho ya dereva yakiwa mita 2.4 kutoka ardhini, na ukingo wa chini wa kioo cha mbele ukiwa mita 1.9 kutoka ardhini na mita moja mbele ya macho yake, mstari wa kuona hugusa lami mita 3.8 mbele ya kioo. Shusha macho hayo sentimita 10 tu, mstari unagusa lami mita 4.75. Karibu mita nzima ya barabara imetoweka. Na mtu aliyesimama mita moja mbele ya kioo hicho, akiwa chini ya mita moja na nusu, haonekani kabisa. Huyo ni mtoto wa shule. Ni muuza karanga aliyeinama kuokota sarafu kwenye foleni ya Malaba. Ni bodaboda aliyejipenyeza mbele ya lori ili avuke kwanza.

Kwenye lori lenye kiti cha upepo, kupanda si shida kama kibofu cha hewa kilicho chini ya kiti hakivuji. Kinapovuja, kiti hushuka polepole kadiri safari inavyoendelea, na dereva hajui kwa nini Morogoro alikuwa anaona vizuri na Dodoma haoni. Kibadilishwe. Ni kipuri cha kawaida, na kwenye maduka ya Kisekka, Kampala, au Gatsata, Kigali, vya mtumba hupatikana.

Kiti cha kawaida kisicho na upepo kinaweza kuinuliwa kwa kuweka vipande vya chuma imara kati ya reli na sakafu. Kazi hii isiachwe kwa mchomeleaji aliye karibu. Kiti kinabeba mtu na, kwa magari mengi, kinabeba pia sehemu ya mkanda. Siku ya ajali uzito wote huo unavuta bolti nne. Zitumike bolti ndefu zaidi za ugumu ule ule wa zile za kiwandani, alama yake ikiwa imeandikwa kichwani, wala chuma kisichomelewe kwenye reli. Kwa Hiace kuna la ziada: injini iko chini ya viti vya mbele, na kiti huinuliwa ili fundi aifikie. Fundi asiyelikumbuka hilo hukipandisha kiti vizuri sana, kisha siku gari linapochemka njiani hakifunguki.

Kiti kikishapanda, visigino vinaondoka sakafuni, na hapo safari inarudi tulikoanzia. Sakafu nayo ipandishwe. Ubao mzito au sahani ya alumini yenye mikwaruzo, iliyofungwa sakafuni kwa skrubu mbele ya kiti, huwapa visigino mahali pa kutua na kuondoa uchovu wa mapaja. Isifungwe kwa gundi wala kuwekwa tu. Kebini ya Canter na Fuso huinamishwa mbele ili kufikia injini, na chochote kisichofungwa hushukia kioo cha mbele. Vioo vingi vimepasuka kwa kigoda.

Mkanda ni suala fupi lakini zito. Kwa mtu mfupi hukata shingoni, naye anauweka chini ya kwapa. Hapo mkanda unaacha kuwa kinga na kuwa kisu cha mbavu. Nguzo nyingi za mlango zina kitufe cha kushusha pale mkanda unapotokea, na kiti kilichopandishwa vizuri humaliza tatizo chenyewe kwa kuwa bega linapanda. Upite katikati ya bega, na ule wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Mama mjamzito auweke chini ya tumbo. Vibanio vya kuulegeza vinavyouzwa na wachuuzi wa barabarani ni vya kuachwa huko huko.

Vioo vya pembeni hupangwa mwisho, baada ya yote hayo, na hupangwa upya kila kiti kinapoguswa. Kwa anayevuka Rusumo, Kobero au Gatuna jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Lori lenye usukani wa kulia likishaingia upande wa pili, dereva anakaa ukingoni mwa barabara, na magari yanayompita yanatokea upande wa abiria, mbali naye, ambako mtu mfupi huona kidogo zaidi kwa sababu ukingo wa dirisha uko juu kwake. Kioo cha upande huo kiinamishwe kidogo kuelekea chini kabla ya kuondoka mpakani, na kioo kidogo cha mviringo kibandikwe chini yake. Mtu wa kufanya kazi hiyo anahitaji msaidizi wa kusimama nje, na foleni ya forodha humpatia muda wa kutosha.

Kwa msafara mrefu, kebini pia ni chumba. Dereva wa transiti hulala humo, hupikia pembeni yake, hufulia humo, na akikwama mpakani kwa karatasi huishi humo siku kadhaa. Ulaya wapo watu wanaofanya hivyo kwa starehe, wakizunguka na magari yenye kitanda na jiko ndani, mengi yakiwa yamejengwa juu ya Fiat Ducato. Huko madereva wafupi wana kilio kinachofanana na hiki, ila kimegeuka. Ili kiti cha dereva kigeuke kutazama meza, huwekwa juu ya sahani ya kuzunguka, na sahani hiyo hukipandisha hadi miguu haigusi sakafu. Dawa yao ni kununua kitako kifupi zaidi cha kiti, au kuinua sakafu kwa kijukwaa. Mantiki ni ile ile ya Canter ya Busia: kiti hakipandishwi bila kuihesabu miguu.

Ndani ya lori, kinachomchosha mtu mfupi usiku ni vitu vya juu. Makabati ya juu ya kioo hayafikiki bila kusimama juu ya kiti, na kusimama juu ya kiti kila siku ndiko kunakoua sponji. Vitu vya kila siku, yaani sufuria, maji, hati za forodha, viwekwe chini ya kitanda, na blanketi za akiba ndizo ziende juu. Kupanda na kushuka kufanywe kwa kutazama lori, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika wakati wote. Ngazi ya kwanza ya lori refu huwa juu mno kwa goti la mtu mfupi, na ngazi ndogo ya mnyororo inayoning'inizwa chini yake inasaidia, mradi isiguse matuta. Kuruka chini usiku, baada ya saa kumi za kukaa, kumewavunja vifundo vya mguu hata vijana. Nyuma nako kuna makomeo ya kontena na kamba za turubai. Kigoda cha chuma chenye miguu mipana, kilichofungiwa kwenye sanduku la zana, kinamwokoa dereva kulipa kijana wa kumfungia kila kituo, na kinamwokoa mwenye mzigo kutokana na turubai lililofungwa nusu.

Hubaki swali la nani alipe. Wamiliki wengi husema dereva ni mpita njia, leo yupo kesho hayupo, kwa nini kiti kishonwe kwa mwili wake? Lakini hesabu ya mto wa mgongo, sponji mpya na ubao wa sakafuni ni ndogo mbele ya klachi moja, na yote hayo huondolewa kwa spana akija dereva mrefu. Nyongeza za kanyagio ndizo zinazohitaji uangalifu, kwa kuwa mrefu akizikuta atagonga goti kwenye usukani. Zitolewe kabla hajawasha gari. Kwa gari linaloendeshwa na wawili kwa zamu, alama mbili za rangi kwenye reli ya kiti, nyekundu ya mmoja na nyeupe ya mwingine, huokoa mabishano ya saa nane usiku. Mkaguzi wa magari akiuliza kilichoongezwa, risiti ya fundi na bolti zinazoonekana wazi hujibu haraka kuliko maneno.

Bolti zote zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya safari. Chuma kipya hukaa vizuri kikishatikiswa, na barabara ya matuta hulegeza kilichokazwa kwa bidii gereji. Spana ya namba inayofaa ikae ndani ya mlango, si ndani ya sanduku la nyuma chini ya magunia.